Niliweka nyaya za chuma kwa gitaa ya nailoni, ikalipuka katikati ya maombi Elburgon

Wakuu, niaje. Wa mchana na wa shift ya usiku, vuteni viti.

Leo sina siasa, sina connection ya kazi, na siulizi kama kuna gari ya bei nafuu inaweza barabara ya matope. Nimekuja na kisa changu mwenyewe. Mahali nimeaibika nitaacha aibu ikae hivyo hivyo. Nikiongeza chumvi, mod afunge uzi.

Kwa wale hawanijui, mchana nauza chakula ya kuku na dawa ya ng'ombe kwa agrovet hapa Nakuru. Weekend mimi ni one man guitar. Hiyo ni ile kazi ya mtu mmoja, gitaa moja, kinanda kinachojipiga chenyewe, na ukumbi mzima wa walevi wameshikana mabega wakizunguka meza kama mabehewa ya treni. Mugithi.

Kama umewahi kunywa pande hii ya Rift Valley, kuna uwezekano mkubwa nimewahi kukuimba jina ukanitunza, asubuhi ukajiuliza pesa ilienda wapi. Pole. Ilienda kwa kazi nzuri.

Gitaa yangu ni electric. Nyekundu, nyembamba, inang'aa. Nilijifunzia electric, nikakulia electric, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kushika gitaa ingine zaidi ya dakika ya kuombwa picha. Wekeni hiyo akilini, kwa sababu kuna mjuaji hapa atauliza mbona mtu wa kazi hakujua kitu fulani. Bro, kuna dereva wa Probox miaka ishirini, mpe trekta uone akitafuta reverse.

Sasa mzee wangu.

Mzee alifanya kazi saw mill Elburgon tangu akiwa kijana mpaka magoti yakakataa. Wale mmepita Elburgon mnajua, mji mzima unanuka mbao, hata chai inanuka mbao. Enzi zake hakukuwa na mambo ya kuziba masikio. Msumeno unalia kutoka asubuhi hadi jioni, na wewe umesimama hapo unasukuma gogo. Masikio yakaenda polepole. Mimi nikiwa class seven tayari alikuwa anajibu maswali ambayo hakuna mtu ameuliza.

Kwa hivyo nilipoanza gitaa, mzee hakuwahi kunisikia. Watu walikuwa wanamwambia tu. Wengine wanamwambia kijana wako anapiga gitaa vizuri, wengine wanamwambia kijana wako anapigia walevi. Zote mbili ni kweli, lakini yeye hakuwa na namna ya kupima.

Baadaye alipata ile mashine ya kuwekwa sikioni. Ukiongea naye uso kwa uso, kwa sebule imetulia, anakupata vizuri. Shida ni kelele. Kukiwa na kelele nyingi ile kitu inapiga mluzi kama kettle.

Na nilijaribu. Dada yangu Shiru alipofanya sherehe ya nyumba yake mpya hapa Nakuru, nikaweka mitambo yote, spika mbili, amp, kila kitu. Mzee akakaa mbele kabisa na suti. Nilipopiga ile ya kwanza tu, nikamwona ameshika sikio, uso umekunjamana. Akatoka nje. Nilipomaliza nikamkuta kwa gari ya jirani akila ndizi.

Nikamuuliza, "Vipi, mzee?"

Akasema, "Imekuwa kama saw mill."

Hakusema kwa ubaya. Hiyo ndio iliuma zaidi.

Basi mwaka huu mzee aliugua. Sitaeleza sana, ni mambo ya tumbo, akalazwa, akapasuliwa, akatoka. Siku moja nimeenda kumwona kwa wodi, mathe, yaani mama yangu, ametoka kutafuta chai, mzee akaniangalia akasema, "Watu wa Njoro wamekusikia. Watu wa Molo wamekusikia. Hata yule daktari ananiambia amekusikia. Mimi baba yako ndio bado."

Nikamenya chungwa.

Alipopata nguvu, mathe akaamua kutakuwa na shukrani nyumbani, Jumamosi, watu wa kanisa na majirani. Akanipigia simu.

"Kamau, utakuja kucheza. Mzee ameuliza wewe."

Nikasema nitakuja na mitambo Ijumaa.

"Mitambo gani? Hakuna spika itaingia kwa hii boma. Ile mashine ya sikio ikianza kulia kama paka nitakuuliza wewe. Kuja na gitaa ya kawaida."

Gitaa ya kawaida. Kwa mathe kuna gitaa ya bar na gitaa ya kawaida, na wakuu, nimekuja kuelewa kwamba hakuna mtaalamu amewahi kueleza hii kitu vizuri kuliko hapo.

Ngoja nieleze kidogo, wale mnajua rukeni.

Electric ni ubao tu. Mbao nzito isiyo na uwazi ndani. Chini ya nyaya kuna sumaku, tunaita pickup, inasikia chuma ikitikisika na kupeleka habari kwa amp, halafu amp ndio inapiga kelele. Ukitoa amp, unabaki na mbu amefungiwa kwa chupa.

Acoustic ni sanduku. Haina stima. Nyaya zinavuta kile kibao zimefungwa, kinaitwa bridge, bridge inatikisa uso wa gitaa, ule uso ni mbao nyembamba kama biskuti, hewa ndani inasukumwa na kutoka kwa lile shimo. Mbao yenyewe ndio spika.

Na nyaya pia haziko sawa. Za electric ni nyembamba, laini, unazikunja vile unataka. Za acoustic ya kawaida ni chuma nene imezungushiwa shaba. Halafu kuna aina ya tatu, ile acoustic ya classical, nyaya zake ni nailoni, karibu kama za kuvulia samaki. Hizo ukiweka kwa electric sumaku haisikii kitu, kwa sababu sumaku haina biashara na plastiki.

Hii ya mwisho ndio nilinunua. Bila kujua.

Kulikuwa na jamaa mtaa wa Section 58 anahama, anauza vitu vyake vyote. Kitanda, gas, gitaa. Nikaenda, nikaona ni ya mbao, ina shimo, ina nyaya sita. Nikabeba. Nikarudi nyumbani, nikapiga, ikatoa sauti ya upole sana, kama mtu anaomba msamaha. Nikasema hapana. Hii haitafika hata kwa mtu ana masikio mazima. Shida lazima ni hizi nyaya za plastiki, huyo jamaa alikuwa anabana matumizi.

Nikaenda dukani, nikachukua nyaya za chuma, zile nene kabisa. Jamaa wa duka hakuniuliza naweka kwa nini, na mimi sikumwambia. Hapo hakuna wa kulaumiwa isipokuwa kichwa yangu.

Nikang'oa nailoni zote, nikapitisha chuma. Mwisho wa kila waya kuna kigololi kidogo, kikanasa kwa tundu ya bridge vizuri sana, nikajiona fundi. Nikakaza. Sauti ikatoka kama kengele. Nikamrekodia Shiru voice note, nikamwambia asikie hiyo. Akajibu na kidole gumba.

Niliona pia ule uso wa gitaa umefura kidogo nyuma ya bridge, kama tumbo la mtu amekula githeri. Nikasema labda ndio umbo lake.

Ngoja nihudumie mteja, narudi.

Okay. Nimerudi. Alikuwa anataka kujua kama dawa ya minyoo ya mbuzi inaweza kufanya kwa mbwa. Watu wana ujasiri.

Ijumaa nikafika Elburgon. Baridi ile ya huko haibishi hodi. Nyumba ya mzee ni ya mbao, na sebuleni kuna jiko kubwa la kuni lenye chimney, linawaka kutoka alfajiri. Kina mama wa kanisa walikuwa wamejaa hapo ndani wakimenya waru, viazi, na kuchambua minji, njegere za kesho. Mzee amekaa kwa kiti chake kona, blanketi kwa magoti, kikombe mkononi.

Nikaingia na gitaa, mzee akaiona. Alisonga kikombe kando. Mzee wangu hasongi kikombe kwa mambo madogo.

Nikasema nitamchezea kidogo baada ya chai. Mathe akakataa. "Kwanza tunaomba. Halafu ni kesho ndio utacheza, usimalize utamu leo."

Akachukua gitaa akaiegemeza ukuta kando ya jiko. Nikamuuliza mbona hapo.

"Isipate baridi," akasema.

Wakuu, mbao nyembamba kama biskuti, inavutwa na nyaya mara mbili ya nguvu iliyotengenezewa, halafu unaiweka karibu na jiko la kuni ikaangwe. Lakini ni mathe, na alikuwa ameifunika hadi na leso. Nikaiacha hapo.

Maombi yakaanza. Aliyeongoza ni Mama Mchungaji, mke wa pastor wetu, mama wa Olenguruone, mrefu, anaongea polepole kama mtu anahesabu mbegu. Akaomba kwa ajili ya mzee, akaomba kwa ajili ya daktari, akaomba kwa ajili ya mvua. Halafu akageukia mimi. Hakunitaja jina. Alisema tu, "Na yule anayefanya kazi ya usiku, Baba, ukivunje kile kinachomshikilia."

Na gitaa ikalipuka.

Sio kwamba ilianguka. Ililipuka. Paa, kama bunduki. Bridge iling'oka nzima nzima na kipande cha uso wa gitaa, ikapaa ikiburuta nyaya zote, zimechomoka kule kichwani kwa gitaa, ikagonga bomba la chimney, ikarudi ikatua kwa karai la minji.

Kina mama wote chini. Wote. Mmoja aliingia chini ya meza na kisu cha kumenyea waru bado mkononi. Mathe amekumbatia mguu wa kochi akitaja damu ya Yesu. Mimi mwenyewe, one man guitar, star wa mugithi, nilikuwa nyuma ya mlango na sikumbuki nilifikaje.

Mama Mchungaji tu ndiye alibaki kwa magoti yake, macho yamefunguka, akiangalia karai.

Na mzee. Kwa sababu ya maombi alikuwa ameitoa mashine ya sikio akaiweka mfukoni, anasemanga Mungu hahitaji betri. Hakusikia kitu. Alikunywa chai, akafungua macho, akaona nyumba imelala chini.

"Mbona mmeanguka wote?" akauliza. "Ni roho mtakatifu ama ni sakafu?"

Akarudia chai yake.

Mama Mchungaji akasimama, akatoa bridge kwa minji, akaigeuza. Akaenda akachungulia ile shimo mpya. Nikajua hapa nahubiriwa. Alichoniuliza ni, "Hii ilikuja na nyaya gani?"

Nikasema za plastiki, nikabadilisha.

"Hiyo ni classical. Ni ya nailoni. Umeiwekea waya ya kufungia ng'ombe," akasema, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa. Wale kina mama wengine wakamwona anacheka, wakaanza kutoka chini ya vitu, mmoja mmoja.

Kumbe Mama Mchungaji anapiga gitaa tangu akiwa msichana. Mimi natembea nikijua kanisa letu lina kinanda tu, kwa sababu sijaingia huko siku nyingi. Haya, iwe funzo.

Mathe hakucheka. Alikuwa amesimama na mikono kiunoni.

"Nimesema usilete spika," akasema. "Ukaona ulete bomu."

Shiru, ambaye alikuwa jikoni ya nje wakati wa tukio, aliingia akaangalia gitaa, akaangalia mimi, akasema ananitumia ile voice note yangu ili nisikie tena. Hiyo ndio familia.

Lakini mzee. Mtu alimwekea mashine sikioni na kumweleza. Akainuka polepole, akaja akaangalia gitaa, akapitisha kidole pale mbao ilichanika.

"Sawa," akasema. "Itakuwa siku ingine."

Akarudi kwa kiti akajifunika blanketi.

Wakuu, mimi nimerushiwa chupa kwa stage. Nimezimiwa stima katikati ya ngoma na mwenye bar kwa sababu mke wake amefika. Hakuna kitu imewahi kuniangusha kama hiyo "siku ingine" ya mtu ambaye ametoka kupasuliwa tumbo.

Nikamfuata Mama Mchungaji nje. Nikamwomba gitaa yake. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia.

"Yangu ni ya chuma," akasema. "Nyaya nene. Vidole vyako vya Nakuru vitaweza?"

Nikamwambia nacheza mpaka usiku wa manane kila weekend.

"Electric," akasema. Alitamka hiyo neno vile watu husema "mtoto wa boarding", yule hajui kushika jembe.

Akatuma ikaletwa. Gitaa kubwa, ya kahawia, imekwaruzwa, lakini sanduku zima. Tatizo ni nyaya zilikuwa zimezeeka, nyeusi, sauti imekufa kama ngoma iliyonyeshewa mvua. Mimi kwa begi nilikuwa na pakiti moja ya nyaya, za electric. Zingeingia, ndio, lakini kwa acoustic zinatoa sauti nyembamba, hazina nguvu ya kutikisa ile mbao. Na maduka ya Nakuru saa hiyo yanafungwa.

Basi nikafanya ile kitu wanamuziki maskini hufanya. Nikatoa nyaya zote, nikazichemsha. Jasho na mafuta ya vidole hujaa kwa ile shaba imezungushwa, maji moto inatoa, unapanguza, unakausha, unapata siku mbili tatu za sauti. Nikaweka sufuria kwa jiko.

Mathe akaja akafunua sufuria akifikiria ni chai. Akaangalia zile nyaya zinavyojikunja kwa maji. Akafunika. Akamwambia Shiru, kwa sauti ambayo nilipaswa kuisikia, "Huyu hata akioa atapika nini."

Lakini ziliamka. Nikaziweka tena, nikaanza mazoezi huko nje kwa kibanda cha kuni kabla giza iingie. Na hapo ndio nikajua Mama Mchungaji hakuwa ananidharau bure.

Kwa electric nagusa tu. Kwa hii lazima ufinye kama unafunga mlango wa lori. Chord ya kawaida kabisa, ile ya kulaza kidole kimoja juu ya nyaya zote sita, ilikuwa inatoa sauti ya mabati. Ile mikunjo yangu yote ya waya, ile hufanya wasichana wa Free Area wapige nduru, waya hata haikusonga. Baada ya nusu saa ncha za vidole zilikuwa na mifereji. Nikaviweka kwa maji baridi, nikarudi.

Mama Mchungaji alipita na ndoo akasimama kusikiliza.

"Punguza," akasema.

"Nipunguze sauti?"

"Punguza mambo. Piga kidogo, iache iitike yenyewe."

Akaenda zake na ndoo.

Jumamosi watu wakajaa kwa boma. Viti vya plastiki, turubai, mukimo, nyama, hotuba za watu ambao hawajui kufupisha. Mzee amekaa mbele na suti ileile ya sherehe ya Shiru, imemkaa kubwa sasa.

Nikaitwa. Nikakaa kwa stuli mbele yake, nikapiga wimbo wa kitabu cha kanisa, ule anaupenda, watu wakaimba. Bila spika. Na ilitosha, wakuu, sijui mbona nilikuwa na wasiwasi. Niliskia watu wakiimba, kitu ambacho kwa bar sijawahi kusikia kwa sababu najisikia mimi tu.

Lakini nilikuwa naangalia mzee. Alikuwa anaangalia midomo ya watu. Anageuka kushoto, anageuka kulia, anafuata midomo, anatikisa kichwa kidogo nyuma ya wengine. Watu wengi wakiimba pamoja ile mashine yake inachanganya kila kitu inakuwa uji. Alikuwa anatabasamu ile tabasamu ya mtu amekaa na wageni wanaongea lugha asiyojua.

Hakuwa ananisikia. Tena.

Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, mzee pia akapiga, akichelewa. MC akachukua nafasi kusema twende kwa chakula. Nikainuka.

Mzee akainua mkono. "Bado."

Akasimama, akavuta kiti chake chini ya turubai mpaka goti lake likagusa langu. Akatoa mashine ya sikio, akaweka mfukoni. Halafu akaweka mkono wake juu ya gitaa, kiganja chote, pale mbele karibu na shimo.

"Cheza," akasema.

Baadaye Shiru aliniambia huko saw mill wazee walikuwa wanajua mashine inaumwa wapi kwa kuishika. Mimi hapo sikuwa na habari. Nilicheza tu, na sauti ikafa. Ukikandamiza uso wa acoustic umeiziba mdomo. Watu wa nyuma walikuwa wanashangaa mbona imepotea.

Nikashika mkono wake, nikausogeza. Nikauweka ubavuni, chini kabisa, pale sanduku ni pana. Nikarudi kwa nyaya, nikapiga ile waya nene ya juu, moja tu, nikaiacha iitike.

Uso wa mzee ukabadilika.

Sijui niseme ulikuwa aje. Kama mtu amekuwa akibisha mlango, na amesikia miguu ndani.

Nikapiga tena. Akainama, akaegemeza taya lake pale juu ya bega la gitaa, karibu na shingo, macho amefunga. Ndevu zake zilikuwa zinakwaruza mbao. Nikaanza wimbo ule ule, polepole, bila mbwembwe, kidogo kidogo. Hakuna mtu aliimba.

Halafu mzee akaanza kuimba.

Sauti mbaya, wakuu. Siwezi danganya. Mtu hajajisikia akiimba miaka mingi hivyo, anatoka nje ya laini anarudi, anaenda juu anashuka. Na pole sana, anaburuta kila neno. Kazi yangu mimi ni watu kunifuata. Walevi wananifuata, kinanda kinanifuata. Hapo nilifuata. Akivuta neno, nangoja. Akikata, nakata. Vidole vilikuwa vinawaka moto na sikuwa na habari navyo mpaka jioni.

Mathe alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni na mwiko. Hakuja karibu. Aliangalia tu, halafu akarudi ndani, na nikaskia akigombana na sufuria bila sababu.

Tulipomaliza mzee akakaa wima. Akarudisha mashine kwa sikio, akaipiga piga, akaniangalia.

Nilikuwa najua sasa ndio anasema. Nilikuwa tayari kulia mbele ya kanisa zima, sijali.

"Mwisho uliharakisha," akasema.

Mama Mchungaji nyuma yangu akasema, "Ni kweli."

Na ilikuwa kweli. Niliharakisha, nilikuwa naogopa nitalia kabla wimbo uishe. Kiziwi akanishika.

Baada ya chakula tukakaa na yeye kando, jua kidogo limetoka. Akawa na maswali. Akauliza ile nyekundu yangu, ile ya bar, ukiishika pia inatikisika namna hiyo?

Nikamwambia kidogo tu. Sauti yake inapita kwa waya, inaenda kwa mashine ingine, inatokea kwa spika.

Akaangalia kiganja chake.

"Basi hiyo ni simu," akasema. "Hiyo si gitaa."

Nimejaribu kubishana na hiyo point mpaka leo na sijapata pa kushika.

Sasa wakuu, mafunzo, ili uzi usionekane wa kulialia.

Gitaa ya nailoni ni ya nailoni. Hata kama duka nzima ni nyaya za chuma, hata kama kigololi kinaingia vizuri, wacha. Ukiona tumbo linafura nyuma ya bridge, hiyo si umbo, hiyo ni onyo. Usiweke mbao kando ya jiko, hata kama aliyeweka ni mama yako na amefunika na leso. Na usimwambie mtu wa duka "nipe zile nene kabisa" kama hujui unaenda kuzifanyia nini, hiyo ni kwa nyaya na kwa dawa ya ng'ombe pia.

Ile ingine si funzo, ni kitu tu nimeona. Nilikuwa nafikiria mzee hawezi kunisikia, kwa hivyo dawa ni kuongeza volume. Miaka yote naongeza volume.

Electric sijaacha, msianze. Ndio inalipa rent, na mugithi bila amp ni mazishi. Lakini sasa niko na acoustic yangu, ya chuma, halali, na vidole vimeshika ngozi kama ya kisigino. Ile iliyolipuka mathe ameweka chini ya kitanda akiwa ameifunga kamba. Mimi sijauliza kamba ni ya nini.

Wale wanapiga gitaa hapa, mwageni zenu, haswa walioharibu vitu. Na kama kuna mwenye mzazi hasikii vizuri, anieleze wamepata njia gani ya kuongea, nimefungua masikio. Wale mko tayari kuandika "hii ni chai", eti nimetunga, karibuni Elburgon, karai bado lina alama.

Edit: Nimetoka kuandika hii, mzee akapiga. Mzee kwa simu hangojangi jibu, kwa sababu hata ukijibu hasikii. Anaongea yake anakata. Amesema hivi: "Kamau. Jumapili kuja na ile ya mbao. Kuna ingine nimekumbuka, mama yangu alikuwa anaiimba. Wewe huijui. Nitakuonyesha."

Nikasema sawa, mzee. Alikuwa amekata kitambo.